Gari la Tano Haliitiki

Mzee Marcellin alikutwa ndani ya gari lake bondeni, barabara ya Bugarama, mahali ambapo Bujumbura yote inaonekana chini. Miguu ilikuwa imevunjika. Mkononi alishika redio ya upepo, kidole gumba juu ya kitufe cha kuongelea. Betri ilikuwa imekwisha.

Daktari alimwambia Inspekta Mathilde kwamba marehemu hakufa papo hapo. Alivuja damu kama saa moja. Mama mmoja aliyekuwa akilima jirani alimsikia akiongea, akadhani anazungumza na nduguze.

Magari yalikuwa matano, la mzee likiwa la mwisho, yakipeleka mahari Gitega. Simu hukatika milimani, kwa hiyo kila gari lilipewa redio. Penye kila kona kubwa gari la kwanza liliita, mengine yakaitika kwa zamu. La mwisho lisipoitika, msafara husimama.

Siku ile haukusimama.

Inspekta alimfuata Anouar, fundi wa Cibitoke aliyeendesha gari la nne. Alitoka chini ya lori akijifuta grisi.

"Redio ya mzee iko chaneli ya tatu," Inspekta alisema. "Yako iko ya saba. Kwa nini?"

"Jovithe wa gari la kwanza alituhamisha, afande. Mzee aliongea mno. Kila mbuzi wa njiani alitutangazia."

"Mlijuaje kwamba yupo nyuma?"

"Jovithe alibaki na redio ya pili, ya chaneli ya tatu. Kila kona alisema, 'Nimemsikia mzee, twende.' Mi nilimwamini. Mzee ni mjomba wake, aliyemlea."

Jovithe, kiongozi wa msafara, alikuwa kwake Carama, bado amevaa suti ya sherehe. Aliapa kwamba alizungumza na mjomba wake mpaka Bugarama.

Inspekta aliiwasha ile redio ya pili. Betri ilikuwa imejaa.

"Chaja zote ziko kwa Anouar tangu jana asubuhi, kabla ya safari," alisema. "Redio nyingine zimekufa. Hii haikufanya kazi hata nusu saa."

Jovithe alikaa.

"Wazee wa posa walikuwa garini mwangu. Walimcheka. Tangu mke wake afe, mjomba hana wa kuongea naye, basi akipata redio haachi. Nikaona haya."

"Neno lake la mwisho ulilosikia?"

"Aliuliza, 'Mwanangu, unanisikia?'"

Inspekta aliandika maneno hayo.

"Nilimsikia, afande. Ndipo nikazima."