Ndizi za Tembo

Kila asubuhi, kabla mtu yeyote nyumbani hajatia kitu kinywani, Bi Nayna hupanda kwenye paa la ghorofa na chapati ya kwanza. Huikata vipande, akawawekea kunguru. Ndivyo alivyolelewa: viumbe wengine kwanza, mtu baadaye. Kisha hushuka kufungua duka lake la vitenge, hapo hapo Kariakoo.

Mjukuu wake Tanvi aliugua mapafu, akalazwa. Bi Nayna akaweka nadhiri mbele ya Ganesha, mungu wake mwenye kichwa cha tembo: "Mtoto akipona, nitamlisha tembo kwa mkono wangu."

Mtoto akapona. Nadhiri haichezewi. Bi Nayna akanunua ndizi mbivu kwa jirani yake Swaumu, mwenye genge.

"Huyo tembo akizipenda, Bi Nayna, nitafutie oda!" Swaumu akamtania.

Akasafiri na Tanvi mpaka Hifadhi ya Mikumi, iliyotengwa kwa ajili ya wanyama miaka ya mwanzo ya uhuru. Bi Nayna alitazama, akatafuta uzio, hakuuona. Twiga walitembea kama wenye nchi. Na kweli walikuwa wenye nchi.

Ghafla mwongoza watalii wao, Ansbert, akazima gari. Tembo jike alitoka vichakani, mwanawe ubavuni. Alikuwa mkubwa kama lori la bandarini, lakini alikanyaga kama paka. Bi Nayna akafungua kioo, akatoa mkono wenye ndizi.

"Mama, tafadhali! Rudisha mkono, funga kioo," Ansbert akasema.

"Mwanangu, hii ni nadhiri. Mjukuu wangu kapona!"

"Nimekuelewa, mama. Ila nikuulize: kunguru wa Kariakoo wanamwogopa mtu?"

Tanvi akacheka. "Wamwogope nani! Juzi mmoja kanipokonya andazi mkononi."

Bi Nayna akarudisha mkono ndani. Aliyewazoesha alimjua.

"Sasa tembo akipata tabia ya kunguru, nani atamzuia?" Ansbert akauliza taratibu. "Akionja ndizi ya mtu, kesho atafuata kila gari. Atavunja vioo, ataingia mashambani, ataumiza watu. Mwisho wake ni risasi. Ndiyo maana sheria inakataza kuwalisha, hata kwa mapenzi."

Bi Nayna akafunga kioo. "Na nadhiri yangu je?"

"Hilo silijui, mama. Mtazame kwanza."

Tembo akasogea mpaka kivuli chake kikafunika gari. Akavunja tawi, akatafuna polepole. Jicho lake dogo, lenye kope ndefu, likamtazama Bi Nayna. Hakuomba kitu. Bi Nayna akakunja viganja kifuani, machozi yakamtoka.

"Bibi," Tanvi akanong'ona, "huyu keshalishwa."

Tembo akapita na mwanawe, asimguse mtu.

Kesho yake Swaumu akaziona ndizi. "Vipi, tembo kasusa?"

"Ana mwenyeji wake, Swaumu. Mimi nilikuwa mgeni tu."

Ndizi zile akawagawia wabeba mizigo waliopita dukani, moja moja, kwa mkono wake. Moyo ukatua.

Tangu siku hiyo chapati ya kwanza humwendea Pantaleo, mlinzi wa duka. Mwanzoni kunguru walipanga foleni ukingoni mwa paa, wakapiga kelele kama wanaodai haki. Kisha mmoja mmoja wakaruka kwenda kutafuta riziki yao.

Na Tanvi? Siku hizi hukaa mlangoni mwa duka, akala andazi lake mpaka likaisha.