Mchezaji wa Pili

Walikutana dukani Jumamosi mchana, watu wamejaa kama siafu. Gemu jipya la ngumi, lililotokana na ile katuni ya Kijapani iliyokuwa gumzo la mji, lilikuwa limebaki diski moja. Mkono wa fundi simu uliishika pamoja na mkono mwingine, wenye kucha nyekundu.

"Kaka, nimetangulia."

"Dada, foleni yenyewe umeiruka!"

Mwenye kucha alikuwa msusi, gauni la njano limemkaa kama alizaliwa nalo. Alicheka, wakainunua kwa ubia. Kila Jumapili wakawa wanacheza nyumbani kwa fundi, na kila Jumapili fundi alikula kichapo.

"Nikuitie gari la wagonjwa, mpenzi?"

"Nakuachia tu, laazizi."

"Mfa maji haachi kutapatapa!"

Mwezi wa tano wa mapenzi yao wakaanza kuzungumzia posa.

Jumapili moja fundi alikwenda kuchemsha chai. Msusi akafungua orodha ya mechi kwenye mashine ya gemu. Mchezaji wa pili: Malkia. Mechi mia mbili na kumi, zote mchana wa siku za kazi.

"Malkia ni nani?"

Fundi akarudi na birika, akalitua mezani. Malkia alikuwa mdogo wake wa kike, amelala kitandani nyumbani kwa mama yao, saratani imemla akabaki mifupa na macho. Alikuwa amemwapisha kaka yake: asiletwe mgeni, asiambiwe mtu. Kila mchana fundi alifunga kibanda chake cha simu, akabeba mashine ya gemu, wakapigana kwenye kioo cha runinga mpaka vidole vya mgonjwa vichoke.

"Nitakuambia. Si leo."

"Basi kaa na malkia wako!" Msusi akanyakua mkoba, akatoka.

Kwa wiki mbili msusi hakupokea simu za fundi. Jumatano mchana uchungu ukamzidi, akapiga mwenyewe. Fundi alikuwa ameushika mkono wa mdogo wake. Alipoona jina la msusi, akauachia taratibu, akatoka uani.

"Uko naye?"

"Niko naye, lakini nisikilize..."

"Angalau leo hudanganyi!"

Msusi alimwaga yote yaliyomjaa moyoni. Fundi alimbembeleza, akaapa, akabembeleza tena. Kilio cha mama yake ndicho kilichokata maneno. Aliporudi ndani, mdogo wake alikuwa ameshakata roho.

Siku ya nne msusi alizipata habari kwa mteja wake. Alifika msibani mbio, gauni jeusi, kucha hazina rangi. Fundi alikuwa ameketi mlangoni, ndevu zimemvamia.

"Nisamehe. Sikujua."

"Ungejuaje? Mimi ndiye niliyekuficha."

"Basi niruhusu nikae nanyi. Na mama."

Fundi akatazama upande wa uani.

"Nakupenda. Lakini nikisikia sauti yako, najiona niko uani. Mama anasema aliniita mara mbili."

Msusi akaangua kilio. Fundi akamkumbatia, wakalia pamoja, na mama mtu alipochungulia alirudi ndani.

Jua lilipopungua ukali, fundi alimsindikiza kituoni, amembebea mkoba. Basi likaja. Msusi akaweka mguu mmoja kwenye ngazi, akageuka, akimsubiri aseme neno, hata moja.

Fundi akampa mkoba wake.