Pacha wa Mti Mwekundu

Haya yalimpata rafiki yangu Adigun, mchongaji wa pale Oyo, na alinisimulia huku akitazama chini. Kehinde, mmoja wa mapacha wake, alipokufa na kumwacha mwenzake Taiwo, Adigun alikwenda kutafuta mti wa kumchongea sanamu yake, kama desturi yetu ilivyo, ili roho ya pacha aliyekufa ipate makao. Akachagua mti mwekundu kama mawese.

"Baba Taiwo, pacha huchongwa kwa mti mweupe," muuza mbao alimwonya.

"Mwanangu alipenda rangi. We nikatie tu."

Mchana ule mvua ilifunga anga na umeme ukakatika. Adigun akaendelea kuchonga gizani kwa kupapasa. Kisu kilipotulia, akasikia: fuu. Vumbi likamrukia magotini. Ndivyo Kehinde alivyozoea, kukaa mbele ya baba yake na kupuliza vumbi la mti.

"Taiwo, toka hapo, utajikata!"

"Taiwo ninaye huku mgongoni, kalala," mkewe akajibu kutoka jikoni.

Adigun akawasha kibatari. Sanamu ilikuwa safi, haina chembe ya vumbi, na mdomo alikuwa bado hajauchonga. Akaitazama, machozi yakimlengalenga. Kisha akakwangua mti mpaka vumbi likajaa tena, akazima taa mwenyewe, akasubiri.

Fuu.