Mtoto Asiyelia

Kisikizi kilikuwa kidogo kama punje ya choroko, kimebandikwa nyuma ya sikio la Perusi. Kilinasa sauti hewani na kuzipeleka moja kwa moja ubongoni, hata kiziwi kabisa akasikia sufuria ikichemka. Chombo cha ajabu, tusikinyime sifa yake. Perusi, fundi wa roboti za mabomba jijini Dodoma, alipoteza usikivu kwa homa wiki aliyojifungua. Alilia mwezi mzima. Kilichomuuma hasa ni kwamba hataijua sauti ya binti yake, Sechelela. Mumewe, Mazengo, ndiye aliyemletea kisikizi, kikiwa kimeshapangwa na mafundi waliokitengeneza.

Sasa alimsikia mtoto akicheka na kubwabwaja. Kulia, hakuwahi kumsikia hata mara moja. Alijisifu kwa majirani kwamba amejaliwa mtoto mpole. Wao wakatazamana tu.

Aliyemtia wasiwasi ni mama mkwe. Perusi akiwa jikoni, mama huyo hutoka mbio uani, akampita bila neno, kisha akaibuka kutoka chumbani na Sechelela mgongoni. Kila siku! Anakimbilia nini? Nani kamwita? Perusi akaona mambo wazi: kwa kuwa yeye ni kiziwi, ananyang'anywa mtoto taratibu.

Jumamosi asubuhi akamvizia. Alipoona kanga ikipepea mlangoni, akawahi yeye chumbani na kufunga komeo. Mama mkwe akagonga, akisihi afunguliwe, mtoto ataumia. Ataumia na nini, naye yuko kimya?

Perusi akageuka. Sechelela alikuwa kitandani, uso umekunjamana, mdomo wazi, machozi yakitiririka hadi masikioni. Perusi hakusikia sauti yoyote. Akamwekea kiganja kifuani. Kifua kilikuwa kikitetemeka.

Akamwinua mtoto, akafungua mlango. Mazengo naye alikuwa amekuja, kasimama kando ya mama yake.

"Kisikizi kinanificha nini?"

Mazengo akainamisha kichwa. "Vilio. Mimi ndiye niliyeomba wavitoe. Ulikuwa umeshalia vya kutosha, Mama Seche."

"Na huyu akilia, anamwita nani?"

Mama mkwe akajifuta macho kwa pindo la kanga; kumbe naye alikuwa akilia muda wote ule, Perusi hana habari.

Akakibandua kisikizi na kumrudishia mumewe. Dunia ikazimika. Akaketi chini, akamlaza Sechelela kifuani, ngozi kwa ngozi, hadi mtetemo wa kile kilio ukamwingia mbavuni. Akalia naye, kwa uchungu wa miezi yote ile.

Sechelela ndiye aliyetangulia kunyamaza.