Usinipunguze, Dada

Jioni ile nilitoka kwenda kununua CD tupu. Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya mapaa, na mwenye duka la vifaa vya ofisi alikuwa anakaribia kufunga. Nilipomwambia ninachotaka, alinikagua toka juu mpaka chini.

"Bado kuna watu wanachoma CD?"

"Nimebaki mimi. Nikifa, boksi lako litakudodea."

Alicheka, akaingia stoo, akatoka na boksi la diski kumi lililojaa vumbi. Diski za kawaida, za megabaiti mia saba. Nilipofika nje nilishangaa kwamba nimeweza kufanya utani. Ilikuwa siku ya thelathini na mbili tangu tumzike mdogo wangu.

Nyumbani tulimwita Mgonjwa. Lilikuwa jina la kumchokoza. Tangu darasa la kwanza alikuwa na homa ya Jumatatu, tumbo la mtihani wa hesabu, na mguu uliovunjika kila ilipofika zamu yake ya kuosha vyombo. Alijua kulegeza shingo mpaka mama akaanza kulia. Mimi ndiye niliyekuwa namfinya ubavuni, anaruka, anapona.

Alipopata kazi mji wa mbali, kila Jumapili alikuwa anajirekodi akimsimulia mama habari za wiki. Hakuzituma. Alisema atazileta zote pamoja kwenye diski moja, ili mama azisikilize kwenye redio yake pale kitandani. Macho ya mama yamefifia, simu zinamshinda, ila ile redio anaijua kwa vidole. Kazi ya kuandaa diski nilimfundisha mimi. Unakusanya rekodi zako, unatengeneza faili moja kubwa linalobeba diski nzima jinsi itakavyokuwa, sisi mafundi tunaliita taswira, kisha unalichoma. Nilimsisitizia kitu kimoja tu, asivuke mia saba.

Kompyuta yake ilirudi pamoja na nguo zake. Taswira ilikuwa humo, ameiandika "Ya Mama". Ilikuwa na megabaiti mia saba thelathini na moja.

Ndani yake mlikuwa na rekodi kumi na moja. Kumi nilizisikiliza nikilia na kucheka. Ya kumi na moja niliisikiliza dakika moja, nikaifunga.

"Mama, leo ni Jumatatu, siyo Jumapili," alikuwa anasema, pumzi zikimkatika. "Naumwa. Nampigia dada aje anichukue..."

Alinipigia kweli. "Dada, safari hii siyo mchezo," aliniambia. Nikacheka. Nilicheka mpaka nikaegemea meza, nikamwambia anywe maji alale. Alhamisi jirani yake alivunja mlango.

Siku ya mazishi mama alinishika mkono, akaniuliza mbele ya watu kama mwanawe aliniambia lolote. Nikasema hapana. Amebaki na mimi tu, na mimi nimebaki naye tu. Akijua kwamba niliambiwa, nitakuwa sina mama tena.

Basi ule ukubwa ulinipa kisingizio. Taswira haitoshi kwenye diski, kwa hiyo moja itoke. Fundi gani angenilaumu?

Chumba changu cha kazi kiko uani, dirisha lake linatazamana na dirisha la mama. Nilifungua taswira, nikaifuta rekodi ya kumi na moja, nikaifunga upya. Mia sita tisini. Nikaweka diski, nikabonyeza choma.

Draivu ikaanza kuzunguka. Vvvuuu... Asilimia kumi. Hamsini. Tisini na tano.

Tk.

Ikasimama. Kompyuta ikasema diski imejaa. Nikatazama faili. Mia saba thelathini na moja.

Nilijilaumu mwenyewe. Siku zile nilikuwa nasahau hata chumvi kwenye mboga. Nikafuta tena, safari hii nikihesabu kwa kidole. Rekodi kumi. Nikachoma. Tisini na tano... Tk.

Mia saba arobaini na nne.

Diski ya tatu, mia saba hamsini na nane. Ya nne sikuthubutu kuiweka. Kila nilipoifuta ile rekodi ilirudi, na kila iliporudi ilikuwa imerefuka.

Hapo nikaanza kusikia harufu. Dawa ya kuchua kifua, ile kali inayopanda puani, na chini yake jasho la mtu aliyelala na homa siku nyingi bila kubadilishiwa shuka. Dirisha lilikuwa wazi na upepo ulikuwa unaingia. Harufu haikutoka.

Nikavaa vipokea sauti masikioni. Nikafungua rekodi ya kumi na moja, nikaenda mwishoni, kwenye zile dakika zilizoongezeka.

Kicheko.

Cha mwanamke. Kinapanda, kinakatika, kinavuta pumzi, kinaanza tena. Kilikuwa changu. Labda aliacha kinasa sauti kikiendelea wakati ananipigia, hilo ningeweza kulielewa. Lakini siku ile nilicheka kitambo kidogo tu. Hapa nilikuwa nacheka dakika ya tano, ya tisa, ya kumi na nne, bila kuchoka, na nyuma ya kicheko palikuwa na mtu anaomba maji.

Nikachomoa waya wa draivu. Ikaendelea kuzunguka. Vvvuuu...

Kisha kicheko kikasogea pembeni, na sauti ya mdogo wangu ikaja karibu kabisa na sikio.

"Dada... usinipunguze."

Nilivivua vile vipokea sauti nikavitupa. Nikakaa sakafuni, nikalia. Sikulia kwa hofu peke yake. Ilikuwa sauti yake, na nilikuwa na hamu nayo sana.

"Sikupunguzi," nikanong'ona. "Nakugawa tu. Diski mbili, utaenea wote."

Draivu ikatulia. Nikarudisha waya, nikaigawa taswira vipande viwili, rekodi kumi kwenye diski ya kwanza, ile moja peke yake kwenye ya pili. Zikachomeka zote bila kukwama. Harufu ikapungua. Nikajiona mjanja. Diski ya pili niliifungia kwenye droo, ufunguo nikautia mfukoni, nikavuka ua kumpelekea mama ile ya kwanza.

Alikuwa ameketi kitandani, ameshaivuta redio karibu.

"Zote zimeingia?"

"Zote, Mama."

Tukasikiliza. Mwanawe alimsimulia habari za mwenye nyumba anayelala na ndoo za wapangaji chumbani kwake, na mama akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Alikuwa anamjibu kabisa. "Kula, baba," alimwambia. "Nasikia sauti imekonda." Nilimshika mguu juu ya shuka, nikasema moyoni kwamba yamekwisha. Rekodi ya kumi ikafika mwisho. Nikanyoosha mkono nizime.

Namba kwenye redio ikabadilika.

Kumi na moja.

Mdogo wangu akasema yote. Leo ni Jumatatu, naumwa, nampigia dada. Halafu kicheko kikaanza. Nikabonyeza kitufe, nikabonyeza tena. Nikauchomoa waya ukutani. Kicheko kilipanda, kikakatika, kikavuta pumzi, kikaanza tena, na chumba kizima kikanuka ile dawa.

Mama aliinua kichwa, akatega sikio.

"Huyu anayecheka ni nani?"

Ile hapana nilikuwa nayo tayari mdomoni. Ningesema ni redio mbovu, ni diski ya zamani, ni mtu wa huko alikokuwa anakaa. Mama angeniamini. Nikamtazama anavyolielekeza sikio upande wa sauti, macho yake hayaoni kitu, na nikashindwa.

"Ni mimi, Mama. Alinipigia. Aliniambia anaumwa, nikamcheka."

Redio ikanyamaza.

Mama hakulia, wala hakunigombeza. Vidole vyake vilibaki juu ya redio. Kisha akasogea mpaka ukutani, akafunua shuka, akaacha nafasi pembeni yake. Nilidhani ananiita. Moyo wangu ulifurahi kama wa mtoto. Nikapanda goti moja kitandani.

"Siyo wewe, mwanangu," akanong'ona.

Kiganja chake kilikuwa kimetulia hewani juu ya mto, mahali ambapo pangekuwa na paji la uso, kama mtu anayepima homa. Chini yake godoro lilikuwa limebonyea.

"Wewe nenda kalale. Mwenzako anaumwa."