Okidi Haipandwi kama Bogenvilia

Mama Miche alikuwa akimwagilia kitalu chake nyuma ya nyumba, mumewe akaja na kubwaga gunia mlangoni. Alijua kilichomo hata kabla halijafunguliwa. Damu ikamchemka.

"Umerudi tena msituni?"

"Nifanyeje? Wateja wanataka okidi, na wewe kila nikikuletea unaziua. Una mkono mbaya."

Mkono mbaya, wakati bogenvilia zote za mtaa ule alizipanda yeye. Alikata tawi, akalichomeka kwenye udongo wenye samadi, likachipua. Okidi nazo alizifanyia vivyo hivyo, zikaoza zote. Roho ilimuuma.

Jioni hiyo alipita wifi yake, dada wa mumewe, ambaye ni afisa misitu. Alipoliona gunia la okidi alisahau hata kusalimia.

"Kaka, umezibandua mtini?"

"Ni maua tu, dada."

"Maua tu? Okidi hii iko hatarini kutoweka. Imebaki kwenye miti michache, na kuing'oa ni kosa kisheria." Akamgeukia Mama Miche. "Na wewe wifi, unaifukia kwenye samadi ya nini? Mizizi yake hushika gome la mti na inataka hewa."

Mama Miche naye akapandisha sauti. "Mnaniita muuaji, lakini kunifundisha hamtaki."

Wifi akashusha sauti. "Hapo umesema kweli. Sikia basi. Bogenvilia imejaa kila mahali. Ukikata tawi unapata mche, haina wasiwasi. Mbegu za okidi ni laini kama vumbi. Haziwezi kuota bila kuvu fulani, na mche hukaa miaka kabla ya kutoa ua. Mkizibandua hizi, hakuna za kuziba pengo."

Mume akajikuna kichwa. "Kwa hiyo nizitupe?"

"Uzitupe?" Mama Miche alimsukumia gunia. "Utalibeba mwenyewe, na utazirudisha zote."

Kesho yake walikwenda msituni wote watatu. Wifi aliwaonyesha jinsi ya kuzifunga kwenye gome kwa kamba laini, kivulini, mizizi ikiwa wazi. Tangu hapo kitalu kinauza bogenvilia, na anayetaka okidi ya msituni anaambiwa ukweli, mara nyingine kwa ukali.

Baada ya mvua walirudi kuziangalia. Nyingi zilikuwa zimekufa, na Mama Miche alimwonyesha mumewe moja moja bila huruma. Lakini moja ilikuwa imetoa mzizi mpya, wenye ncha ya kijani, uliong'ang'ania gome. Mumewe akanyoosha kidole.

"Usiiguse," Mama Miche akasema.

Mume akarudisha mkono mfukoni.