Maji ya Mgeni

Kila alfajiri, kabla ya kengele ya shule, Chiriku alikuwa mtu wa kwanza kugombana na kapi la kisima. Kapi lile lilikuwa na kutu, lilipiga kelele kama mtoto anayekatwa kucha, na mtaa mzima ulizoea kuamshwa nalo. Chiriku mwenyewe jina hilo alipewa kwa sababu ya mdomo wake, maana tangu ajue kusema hakuwahi kujua kunyamaza. Alivuta kamba, akajaza ndoo, akajitwika, akapita nyuma ya safu ya vyoo vya shimo mpaka uani kwao. Maji ya kunywa aliyamimina mtungini. Machache mama yake aliyachemsha, akayaweka kwenye birika na kulifunika kwa kitambaa cheupe. Ya birika hayakuguswa ovyo. Mkaa ulikuwa ghali, na maji yaliyochemshwa yalikuwa ya mgeni.

Mama alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa karibu na mlango ili ipate mwanga, na chini ya meza ndipo alipoishi Kitinda, mdogo wake Chiriku, aliyejiita dereva. Mama alipokanyaga pedali, Kitinda alinguruma na kupiga honi. Mteja akichungulia, aliambiwa asogee, gari linarudi nyuma.

Siku nyingine dereva hakuonekana kazini, kwa sababu alikuwa anaumwa tumbo. Hakuwa peke yake. Watoto wa mtaa ule waliharisha mara kwa mara, na watu wazima walisema ni tumbo la mvua, kana kwamba mvua nayo ina tumbo.

Ndipo akaja mtafiti kutoka chuo kikuu. Alikuwa mwanamke kijana mwenye kofia pana na sanduku la barafu begani. Alipita nyumba kwa nyumba akieleza kwamba chuo kinataka kujua ni nini hasa kinachowaumiza watoto. Kila kaya ingepewa chupa ndogo yenye mfuniko wa buluu, itie maji inayokunywa, naye angeyapeleka maabara yakapimwe. Maji yakionekana mabaya, chuo kingepeleka ripoti kwa wakubwa wa mji, kisima kifungwe na maji safi yaletwe. Watoto walimpenda siku ile ile, wakambandika jina la Dada Chupa.

Siku ya kwanza ya kukusanya, Dada Chupa aliketishwa barazani kwenye kiti kizuri, naye Chiriku akaingia ndani na ile chupa. Alikuwa ameshainama mtungini mama alipomshika mkono.

"Hayo unampelekea nani?" mama aliuliza kwa sauti ya chini.

"Dada Chupa. Amesema tunayokunywa."

"Mgeni hapewi maji ya mtungini. Unataka akaseme huko chuoni kwamba sisi wachafu? Tia ya birika."

Chiriku akatia ya birika. Dada Chupa aliipokea chupa kwa mikono miwili, akashukuru, akaitumbukiza kwenye barafu. Ikawa hivyo kila wiki, chupa baada ya chupa, na mama aliona fahari ndogo kila aliposhukuriwa.

Mvua kubwa zilipoanza, Kitinda aliugua tena, na safari hii haikuwa kama zile nyingine. Macho yalizama, midomo ikakauka, na alipolia hapakutoka machozi. Mama aliacha gauni la mteja likining'inia kwenye sindano, akambeba mgongoni hadi hospitali. Kitinda akalazwa.

Siku iliyofuata Dada Chupa aliwaita watu shuleni kuwapa majibu. Wazazi walijibana kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwa karibu na videvu. Aliwaambia kwamba vipimo vimerudi, na maji yao ni safi na salama. Ugonjwa lazima unatoka kwingine, ila hakujua wapi. Kesho yake chuo kingehamia mtaa mwingine. Watu walipiga makofi. Fundi baiskeli wa mtaa alisimama akatania kwamba basi sasa wayauze hayo maji kwa matajiri, na watu wakacheka.

Chiriku hakucheka. Kando yake alikaa rafiki yake, binti wa fundi baiskeli, aliyeitwa Breki kwa kuwa mbioni hakuwa nazo.

"Kwenu mlitia ya wapi?" Breki alinong'ona.

"Ya birika. Kwenu?"

"Ya kwenye chupa ya chai. Nahisi yalinuka tangawizi kidogo."

Wakatazamana. Chiriku aligeuka kutazama nyuso za kina mama wa mtaa, jinsi zilivyokwepana, akajua. Hakuna nyumba hata moja iliyotoa maji ya mtungini.

"Usiseme," Breki alimwambia. "Tutaonekana waongo mtaa mzima."

Jioni Chiriku alipeleka uji hospitalini. Kitinda alikuwa amelala na dripu mkononi, mdogo kuliko alivyokuwa jana. Muuguzi alikuja kumuuliza mama wanakunywa maji gani nyumbani, na mama, bila kuinua uso, akajibu kwamba ni ya kuchemsha. Muuguzi alipoondoka, Chiriku alimwambia mama habari ya mkutano, kisha akamwomba ruhusa ya kumwambia Dada Chupa ukweli.

"Utatuvua nguo mbele za watu, mwanangu," mama alisema. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu. "Na mdogo wako ndiye huyu keshaugua. Ukweli utamnyanyua kitandani?"

Kwa mara ya kwanza Chiriku alinyamaza, akarudi nyumbani, alikokuwa akiangaliwa na shangazi yake, akalala na neno lake kifuani.

Asubuhi mtaa haukuamshwa na kapi. Uliamshwa na kilio kutoka nyumbani kwa fundi baiskeli. Mdogo wake Breki, aliyeanza juzijuzi tu kuonjeshwa uji, alikuwa ameharisha usiku kucha, akafariki kabla hawajamfikisha hospitali. Breki alikuwa amekaa kizingitini, miguu peku, hatazami mtu. Chiriku alikaa kando yake. Kisha akainuka akakimbia.

Alimkuta Dada Chupa nje ya shule akipakia masanduku kwenye gari. Alimwambia yote bila kupumua: birika, chupa ya chai, kila nyumba, kila wiki. Aliogopa kugombezwa. Dada Chupa hakumgombeza. Alikaa juu ya sanduku moja.

"Kuna chupa zilikuwa za moto," alisema hatimaye. "Nilizishika kwa mikono yangu hii. Nikajiambia ni jua."

"Tulitaka ufurahi," Chiriku alisema.

"Najua. Na mimi nilifurahi. Nikakaa kwenye kiti kizuri nikisubiri kuletewa." Alijifuta uso kwa kofia. Akamweleza Chiriku kwamba kazi yote aliyoifanya pale haina maana tena, na huenda asipewe nafasi ya kuirudia. Kisha akafungua sanduku alilokwisha kulifunga, akatoa chupa. "Nionyeshe mnakoteka."

Alivuta kamba mwenyewe, kapi likilia. Akatoka hapo akaingia nyumba moja moja, akaomba kuinama mtungini kwa mkono wake. Wengine walimkaribisha huku wamefunika nyuso kwa khanga. Wengine walimfungia mlango, wakamwambia Chiriku kwamba mdomo wake utamponza.

Majibu ya safari hii hayakupigiwa makofi. Uchafu wa vyoo ulikuwa unapenya ardhini hadi kisimani, na mvua ziliuzidisha. Ripoti ilikwenda kwa wakubwa wa mji. Kisima kilifungwa kwa bamba la chuma, na aliyelichomelea ni fundi baiskeli mwenyewe. Alifanya kazi ile bila mzaha hata mmoja. Alipomaliza, alilichukua lile kapi lenye kutu akaondoka nalo, na hakuna aliyethubutu kumuuliza la nini.

Tangu hapo lori la boza lilileta maji, si kila siku, na foleni yake iligombanisha mashoga wa miaka mingi. Habari ya bomba ilisemwa, ikasemwa tena, kisha ikaacha kusemwa. Lakini watoto waliacha kuharisha, mmoja mmoja, mpaka jina la tumbo la mvua likasahaulika.

Kitinda alirudi nyumbani akiwa amebebwa. Alikuwa mwepesi kama furushi la vitambaa. Mama aliketi kwenye cherehani akakanyaga pedali, akasikiliza. Chini ya meza palikuwa kimya. Breki alikuja kucheza siku nyingine, lakini hakukimbia tena kama zamani.

Dada Chupa alipewa nafasi fupi ya kurudi, kupima maji ya boza. Safari hii hakukaa. Alisimama mlangoni, chupa mkononi. Chiriku aliitazama ile chupa na neno likamtoka.

"Mama, ningesema siku ile ya kwanza, mdogo wake Breki angekuwepo?"

Mama alisimamisha mashine.

"Sijui, mwanangu. Sitadanganya tena. Lakini kosa hilo si lako, ni langu na la watu wazima wenzangu. Huyu dada alikuja kutafuta ugonjwa wetu, sisi tukamwonyesha birika. Muuguzi naye akaniuliza, nikamwonyesha birika. Mtu anayetaka kukusaidia, Chiriku, mwonyeshe unavyoishi, hata kama unaona aibu. Aibu ile tungeizoea. Hii ya kuzika mtoto hatutaizoea."

Akaipokea chupa kutoka kwa Dada Chupa. Alilipita birika, akainama mtungini, akaijaza mwenyewe, akaifunga mfuniko wa buluu. Halafu akarudi kwenye cherehani, akakanyaga pedali pole pole.

Kutoka chini ya meza ikasikika honi moja, ndogo, ya kukwaruza.

Mama hakuacha kushona. Ila alisogeza mguu wake kidogo, gari lipate njia.